Mbwa Achechemeapo Baada ya Mbio: Tumchunguze Kabla ya Kumtuhumu Jirani

(Maelezo yaliyotolewa kwa wakazi wa vijiji vya mpakani katika mkutano wa polisi jamii)



Tunawashukuru kwa kuyaacha mashamba, maduka na vijiwe vya bodaboda, mkaja kuketi nasi. Mikutano hii imekwisha kuzungumzia wizi wa mifugo, magendo, na ugomvi wa mipaka ya mashamba. Leo viongozi wenu wametuomba tuzungumzie jambo ambalo kwa kusikia mara ya kwanza laonekana dogo: kwa nini mbwa huchechemea baada ya kukimbia, kuchunga mifugo, au kucheza na watoto.

Huenda yupo aliyecheka moyoni akajiuliza, polisi na mguu wa mbwa wapi na wapi? Jibu letu ni kwamba mguu huo umeshafikishwa kwenye meza ya malalamiko zaidi ya mara moja. Hapa Busia, kama ilivyo Malaba na Mutukula, mpaka wa nchi hupita katikati ya watu wanaochota maji pamoja na kuuziana nyanya. Mbwa hazijui alama za mpaka. Alfajiri yuko Uganda, adhuhuri yuko Kenya akimfuata mtoto wa mwenye nyumba, na magharibi amerudi anachechemea. Mwenye mbwa hakumwona aliyempiga, ila anaye jirani anayemshuku. Maneno yanaanza, panga linatolewa, na jambo lililoanzia katika wayo wa mnyama linageuka kuwa ugomvi wa kabila kwa kabila, au wa nchi kwa nchi.

Tulipata lalamiko moja la namna hiyo. Mzee mmoja alikuja kuandikisha kwamba mbwa wake huchechemea kila Jumatatu asubuhi, na kwamba jirani yake wa ng'ambo ndiye anayempiga mawe. Hoja yake ilikuwa na mpangilio: siku za kazi jirani huwa sokoni, Jumapili hushinda nyumbani, na Jumatatu mbwa huamka kilema. Vijana wa pande zote mbili walikuwa wamekwisha kujipanga. Askari wa zamu alimwuliza mzee swali moja: siku ya Jumapili mbwa huyu hufanya nini? Ikabainika kwamba kila Jumapili mbwa humfuata kijana wa nyumbani aliyepanda baiskeli hadi uwanja wa mpira, hushinda akiukimbilia mpira mpaka jua linatua, kisha hurudi mbio nyuma ya baiskeli ile ile. Daktari wa mifugo alipomkagua hakukuta alama ya jiwe wala ya fimbo. Alikuta mbwa wa miaka tisa, mnene kuliko inavyofaa, ambaye viungo vyake vya nyonga vimechakaa. Jirani hakuwa na kosa lolote. Mbio za Jumapili ndizo zilizokuwa zikionekana Jumatatu.

Ndiyo sababu tunasema kwamba kumfahamu mbwa ni sehemu ya kulinda amani. Tutaeleza kwanza namna ya kuutambua mguu unaouma, kisha sababu zake, kisha la kufanya na lisilofaa kufanywa.

Namna ya kuutambua mguu unaouma

Kuchechemea ni dalili, kama homa ilivyo dalili kwa mwanadamu. Mbwa hawezi kusema panapouma, lakini mwili wake husema. Mbwa hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele, na sehemu iliyosalia kwa miguu ya nyuma. Mguu mmoja unapouma, huupunguzia mzigo na kuuhamishia kwa mingine. Uhamisho huo wa mzigo ndio tunaouona tukasema mnyama anachechemea.

Mwombe mtu wa nyumbani amwongoze mbwa kwa kamba, mwendo wa polepole, mahali tambarare. Wewe simama mbele yake, kisha ubavuni, kisha nyuma. Ikiwa mguu wa mbele ndio unaouma, kichwa hupanda wakati mguu ule unapokanyaga chini, na hushuka wakati mguu mzima unapokanyaga. Wengi hukosea hapa, wakaushika mguu ambao kichwa kinauinamia, ilhali huo ndio mzima unaobeba mzigo. Ikiwa ni mguu wa nyuma, tazama nyonga: upande wenye maumivu hupanda na kushuka kwa kiasi kikubwa kuliko wa pili, na hatua ya mguu huo huwa fupi.

Baada ya hapo, mlaze mbwa kwa utulivu na umpapase, ukianza na miguu mizima ili azoee mkono wako. Anzia chini kwenda juu. Tazama kati ya vidole, kisha kucha moja moja, kisha ngozi nene ya chini ya wayo. Panda hadi kifundo, goti au kiwiko, paja au bega. Linganisha kulia na kushoto: je, upande mmoja umevimba? Una joto kuliko mwenzake? Msuli wake umepungua? Mbwa akivuta mguu, akigeuza kichwa ghafla, au akilamba midomo yake mfululizo, umefika penye maumivu. Usibonyeze tena. Hata mbwa mpole huuma anapoumia, basi ni busara kuufunga mdomo wake kwa kitambaa laini kabla ya kuanza, mradi apumue vizuri. Mbwa anayetapika au anayehema kwa taabu asifungwe mdomo.

Ni lini anachechemea?

Swali la wakati ndilo linalofumbua mengi, na ndilo tunalowaomba mjiulize kabla ya kutaja jina la mtu yeyote.

Akichechemea ghafla katikati ya mbio, huku akiwa mzima dakika chache kabla, aghalabu ni jeraha la papo hapo. Hapa mpakani sababu iliyo karibu zaidi ni wayo. Miiba, vipande vya chupa, misumari, seng'enge, na visiki vya mahindi baada ya mavuno huchoma na kukata. Kucha iliyopasuka huuma sana na kutoa damu nyingi kuliko ukubwa wake. Wayo ukiwa mzima, huenda msuli umevutika au kiungo kimeteguka, hasa mbwa akigeuka kwa kasi au akiruka mtaro. Ipo pia mitego ya waya iwekwayo vichakani kinyume cha sheria. Mbwa akijinasua hubaki na mkato mwembamba unaozunguka mguu, ambao manyoya huuficha mpaka uanze kunuka.

Akikimbia vizuri, akalala, kisha akaamka amekakamaa na kuchechemea, na baada ya kutembea kidogo akaonekana kupata nafuu, mshuku uchakavu wa viungo. Ndani ya kila kiungo mna gegedu, tabaka laini linaloizuia mifupa isisuguane. Gegedu likichakaa, kiungo huvimba kwa ndani. Mbwa anapokimbia mwili una joto na furaha humsahaulisha maumivu. Anapopumzika viungo hupoa na kukaza. Ndiyo maana mwenye mbwa huapa kwamba jana usiku alikuwa mzima kabisa. Hakuna aliyekuja usiku kumpiga. Maradhi haya huwapata zaidi mbwa wazee na mbwa wanene. Kilo za ziada ni mzigo ambao viungo haviutui usiku wala mchana.

Akichechemea mguu wa nyuma, akapata nafuu kwa kupumzika, kisha akarudia kila anapokimbia, yawezekana kano iliyo ndani ya goti imechanika. Kano hiyo hulizuia goti lisiteleze mbele. Huanza kwa kuchanika kidogo, na kila mbio huiongezea mpasuko, hadi siku moja ikatike yote. Mbwa wa namna hii mara nyingi huketi akiwa ameunyoosha mguu mmoja pembeni badala ya kuukunja chini ya mwili. Huyo anahitaji daktari, wala hafai kungojewa apone kwa kupuuzwa.

Mbwa wadogo wa nyumbani wana namna yao: hukimbia, wakauinua mguu mmoja wa nyuma kwa hatua tatu au nne, kisha wakaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Mara nyingi ni kile kifuniko cha goti kinachoteleza kutoka mahali pake na kurudi. Watu hudhani mbwa anacheza.

Akichechemea leo mguu huu na kesho mguu ule, tena ana homa, hana hamu ya chakula na ufizi wake umepauka, tafuteni kupe. Kupe wa mbwa hueneza magonjwa ya damu yanayoumiza viungo, nayo yamo katika eneo letu hili la Afrika Mashariki. Maradhi hayo yana tiba yakiwahiwa. Tazameni pia funza kwenye nyayo, hasa mahali penye vumbi na mazizi. Wayo wenye funza hauwezi kukanyaga vizuri.

Umri na uzao

Mbwa mchanga na mbwa mzee hawachechemei kwa sababu moja. Mifupa ya mbwa mchanga hurefuka kutokea kwenye sehemu laini zilizo karibu na ncha za mfupa. Kwa mbwa wa maumbo makubwa, sehemu hizo hazikomai hadi afikishe takriban miezi 12 hadi 18. Kumkimbiza mbwa wa miezi sita nyuma ya pikipiki ni kumwumiza mahali ambapo mwili wake bado unajengwa. Kijana anayefanya hivyo akiamini anamtengeneza mlinzi imara, baada ya miaka mitatu atakuwa na mlinzi asiyeweza kupanda ngazi.

Uzao nao una neno. Mbwa wa aina ya German Shepherd na Labrador, ambao wengi hupenda kuwafuga kwa ulinzi, wana mwelekeo wa kuzaliwa na kiungo cha nyonga kisichokaa sawasawa katika tundu lake. Kasoro hiyo hurithiwa. Hivyo unaponunua mtoto wa mbwa, uliza habari za mama na baba yake, na ukiweza uwaone wakitembea. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

La kufanya katika siku za kwanza

Kwanza, msimamishe kazi. Mbwa aliyechechemea baada ya mbio asipelekwe malishoni wala asiachwe huru usiku. Mfunge mahali penye kivuli, maji na nafasi ya kulala, umtoe kwa kamba kujisaidia, kisha umrudishe. Wengi humwacha huru kwa kuwa asubuhi anaonekana mzima. Maumivu yamepungua, lakini msuli bado haujaunga. Akikimbia siku hiyo, jeraha la siku mbili huwa la miezi miwili.

Pili, safisha. Wayo uliokatika uoshwe kwa maji safi mengi. Mwiba unaoonekana utolewe kwa kibano kisafi. Ulioingia ndani sana umngojee daktari. Damu ikitoka, bana kwa kitambaa kisafi kwa dakika kadhaa bila kufunua kila mara. Bendeji isikazwe hadi vidole vivimbe au viwe baridi.

Tatu, poza. Pakiwa pamevimba bila jeraha, kitambaa kilicholowekwa katika maji baridi kiwekwe kwa dakika 10 hadi 15, mara tatu kwa siku, katika siku mbili za mwanzo. Barafu isigusane na ngozi moja kwa moja.

Nne, andika. Andika siku, saa, alikokuwa mbwa, alilokuwa akifanya na mguu gani. Ukiwa na simu, mpige picha ya video anapotembea. Kumbukumbu hiyo itamsaidia daktari wa mifugo, na ikiwa kweli mbwa ameumizwa na mtu, itatusaidia na sisi.

Usingoje nyumbani ikiwa mbwa hakanyagi kabisa, mfupa umepinda, jeraha ni refu na la kina, ana homa, ameumwa na nyoka au kugongwa na gari, au anaburuta miguu ya nyuma. Hata kuchechemea kwa wastani kukipita siku mbili bila nafuu, mpelekeni kwa daktari wa mifugo. Joto la mbwa mwenye afya ni kati ya nyuzi 38 na 39 na ushei, kwa hiyo mwili wake kuwa na joto kuliko mkono wako si ugonjwa peke yake.

Lisilofaa kufanywa

Tunawasihi sana: msimpe mbwa dawa za maumivu za binadamu. Ibuprofeni na diklofenaki huweza kumtoboa tumbo na kuziharibu figo zake, hata kwa kiasi ambacho kwa mtu mzima ni kidogo. Parasitamoli ikizidi huharibu ini na damu. Mbwa hufa siku ya tatu, na mwenye nyumba, akiwa amesahau kidonge alichompa, husema jirani amemtilia sumu. Hapo tuhuma ya pili huzaliwa juu ya ile ya kwanza. Dawa za maumivu za mbwa zipo, na daktari wa mifugo hupima kwa uzito wa mnyama.

Msimvute mguu kwa nia ya kuurudisha. Msimchome kwa chuma cha moto. Msimpake mafuta ya injini wala dizeli, kwa kuwa hulamba yote yaliyo mwilini mwake. Na msimtupe. Zipo nyumba ambazo mbwa akiwa kilema hupelekwa usiku hadi ng'ambo ya pili na kuachwa karibu na soko au karibu na foleni ya malori. Mbwa huyo huungana na wazururaji, hukosa chanjo, na huuma watoto wasio wake. Tatizo la nyumba moja limehamishiwa kijiji kizima, tena cha nchi nyingine.

Tahadhari ya kichaa cha mbwa

Hapa tunataka tusikilizwe kwa makini. Si kila udhaifu wa miguu ni wa mbio. Kichaa cha mbwa kina sura mbili. Ipo ile inayojulikana na wengi, ya mbwa mkali anayeuma kila kitu. Ipo pia ya mbwa mnyamavu, anayelegea miguu, taya likaning'inia, mate yakamtoka na sauti ikabadilika. Mwenye mbwa huyu hudhani kuna mfupa uliomkwama kooni, akaingiza mkono kinywani kuutafuta. Mkono huo ndio unaoponza.

Basi mbwa akilegea au kuyumba, na papo hapo tabia yake imegeuka, anajificha, hawatambui wenyeji, hamezi, au aliwahi kuumwa na mbwa mwingine katika wiki au miezi iliyopita, asipapaswe na yeyote. Waondoeni watoto, mfungieni alipo ikiwezekana bila kumgusa, na mpelekeni habari ofisa wa mifugo na kituo cha polisi.

Mtu akiumwa au akilambwa penye jeraha, aoshe pale kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo apewe chanjo. Asingoje kuona kama mbwa atakufa. Dalili zikishajitokeza kwa mtu, karibu hakuna anayepona; lakini chanjo ikitolewa mapema na kukamilishwa, huokoa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mbwa ndio wanaowaambukiza binadamu katika hadi asilimia 99 ya matukio ya ugonjwa huu. Mbwa achanjwe tangu miezi mitatu, na chanjo irudiwe kama daktari atakavyoelekeza. Anayemvusha mbwa mpaka ahakikishe ana kibali cha mifugo na cheti cha chanjo. Hati hizo ni kinga ya watoto wa ng'ambo na wa huku.

Namna ya kumkimbiza mbwa bila kumwumiza

Mazoezi ni mema kwa mbwa. Ubaya uko katika ghafla na katika kupita kiasi. Mbwa aliyefungwa siku sita, akafunguliwa siku ya saba ili akimbie kilomita kumi, ni kama mkulima aliyelala mwezi mzima kisha akalima ekari kwa siku moja. Anzeni kwa kutembea dakika tano hadi kumi, ndipo akimbie, na mmalizie kwa kutembea. Umbali uongezwe kidogo kidogo kwa wiki.

Angalieni jua na lami. Barabara ya lami saa za mchana huunguza nyayo. Weka mgongo wa mkono wako juu ya lami kwa sekunde saba. Ukishindwa kuvumilia, mbwa asipite hapo. Mkimbizeni alfajiri au jioni. Mbwa hupoza mwili zaidi kwa kuhema kuliko kwa jasho, hivyo apewe maji kabla, katikati na baada. Mbwa mkubwa asikimbizwe mara tu baada ya kula shibe, kwa kuwa tumbo laweza kujaa hewa na kujisokota, naye akafa kwa saa chache. Kucha zikatwe zisizidi urefu, na kila arudipo nyayo zitazamwe. Mbwa mzee apewe matembezi mafupi ya mara kwa mara kuliko safari moja ndefu. Mbwa mnene apunguziwe ugali. Mbavu zake ziwe zinapapaswa kwa vidole bila kutafutwa.

Kuhusu mbwa wa polisi

Mmekuwa mkiuliza pia juu ya mbwa tunaowaleta kufuata nyayo za wezi. Wapo wanaosema kwamba mbwa akisimama njiani au akianza kuchechemea, basi mwizi ana dawa. Wengine wamekwenda mbali hadi kumtaja mzee wa kijiji kuwa ndiye aliyemfunga mbwa. Tunaomba maneno hayo yakome. Mbwa wa polisi ana misuli, kano na nyayo kama mbwa wenu. Akifuata harufu kwa mwendo mrefu juu ya mawe, katika visiki na chini ya jua, huchoka na huumia. Harufu nayo hupungua kadiri muda unavyopita, na kadiri jua linavyokuwa kali na watu wanavyoikanyaga njia.

Askari anayemwongoza hukagua nyayo kabla na baada ya kazi. Akiona mbwa anachechemea, humsimamisha. Kumlazimisha aendelee ni kumwumiza, na tena ni kuuharibu ushahidi, kwa sababu mbwa mwenye maumivu huinua kichwa na kuiacha harufu. Mnaweza kutusaidia hivi: piteni habari mapema, msikanyage mahali pa tukio, msimfuate mbwa kwa makundi, na msimrushie chakula. Na mbwa akisimama, msimalizie kazi yake kwa kuvamia nyumba iliyo karibu. Mbwa kusimama mbele ya nyumba ya mtu si hukumu.

Ikiwa kweli mbwa ameumizwa na mtu

Hatusemi kwamba hakuna wanaowapiga mbwa. Wapo, na sheria inawahusu. Uganda ina sheria inayokataza ukatili kwa wanyama, na Kenya ina yake, Sura ya 360 ya sheria za nchi hiyo. Mpaka hauwi maficho. Ukimwona mtu akimkata au kumpiga mbwa wako, au daktari akithibitisha kwamba jeraha ni la panga au la risasi, njoo kituoni na maandishi ya daktari, picha, na majina ya walioona. Ikiwa jambo lilitokea ng'ambo, tutawasiliana na wenzetu wa upande ule. Usivuke mwenyewe na vijana wenye marungu. Hasira hasara: aliyevuka akiwa mlalamikaji hurudi akiwa mshtakiwa.

Sheria hizo hizo humtazama na mwenye mbwa. Kumtumikisha mnyama kupita nguvu zake nako kumetajwa kuwa ukatili. Anayempeleka malishoni kila siku mbwa asiyekanyaga, au anayemkimbiza nyuma ya pikipiki huku damu inatoka nyayoni, asidhani kwamba kwa kuwa mbwa ni wake basi hana wa kumwuliza.

Na wewe ambaye mbwa wa jirani ameingia shambani mwako, mwite mwenyewe au mwenyekiti wa kijiji. Mbwa aliyepigwa jiwe leo kwa kula mayai ndiye ambaye kesho alfajiri angebweka mwizi alipokuwa akikata kufuli la zizi lako.

Ndugu zetu wapendwa, tunawaomba mwende na maswali matatu. Mbwa wako akichechemea, jiulize: jana alifanya nini? Mguu wake una nini? Na anachechemea wakati gani, akikimbia au akiamka? Ukishayajibu hayo, na daktari wa mifugo akakusaidia palipokushinda, ndipo utajua kama unahitaji kumpumzisha, kumtibu, au kuja kwetu. Tumeona mara nyingi kwamba baada ya maswali hayo jina la jirani halitajwi tena.

Madaktari wa mifugo wa wilaya wako pamoja nasi leo, nao wataanza kuwachunguza mbwa mliokuja nao mara tu baada ya mkutano. Tafadhalini wafungeni kamba, na watoto wakae nyuma.